Nyumba Isiyo na Majirani

Mhandisi Mndeme alikuja mezani kwangu na kikombe cha kahawa mkononi, akaniambia nifute jibu moja kwenye mashine.

"Jibu lipi?" nikamuuliza.

"Unalijua, Dada Naelijwa. 'Sijaelewa, niambie kwa njia nyingine.' Kuanzia leo Nyumba haitasema tena hivyo."

"Sasa isipoelewa itasema nini?"

"Itaelewa."

"Kila kitu?"

"Kila kitu. Mbona unaniangalia kama mama mkwe aliyeletewa ugali mbichi?"

"Kwa sababu hata mume wangu hanielewi kila kitu, na tumeishi pamoja tangu ujana."

Akacheka. Mndeme hakuwa mtu mbaya, nalisema hilo mapema ili nisimwonee. Aliingia kazini kabla yetu sote, akavua viatu chini ya meza yake, akafanya kazi miguu mitupu mpaka jioni. Alitaka foleni ipungue. Nami nilitaka ipungue, maana watu walikuwa wakilala nje ya geti na watoto.

Nyumba ulikuwa mchezo wa maandishi matupu, bila picha wala sauti. Baraza la Ulezi liliuchagua miaka ile sura na sauti za watu zilipoanza kughushiwa, hata hakimu akawa hajui anamtazama shahidi au kivuli cha shahidi. Mtu aliyetaka kulea mtoto asiyemzaa yeye aliketi peke yake mbele ya kioo. Kioo kilimwandikia: uko jikoni, mtoto yuko chumbani, unafanya nini? Naye alijibu kwa maneno yake mwenyewe. Nyumba iliikata sentensi yake, ikatafuta ndani yake tendo na kile kinachotendwa, ikaviangalia katika kamusi yake. Ikivipata vyote viwili, hadithi iliendelea. Ikikosa kimoja, ilikiri kwamba haijaelewa, saa ikasimama, na mimi niliyekuwa karani wa chumba niliingia na kumuuliza mtu alimaanisha nini.

Hapo ndipo siku zetu zilipokwenda, kwenye kuulizana.

"Nimeunda Mkisiaji," Mndeme akasema. "Anapima ukaribu wa maneno. Likija neno geni, anatafuta kwenye kamusi tendo lililo karibu nalo kuliko yote, analiandika kwenye kumbukumbu ya ndani, na kazi inasonga."

"Na kwenye kioo cha mchezaji inaandikwa nini?"

"'Sawa.'"

"Sawa tu?"

"Sawa tu. Akijua amekisiwa ataanza kubishana na mashine."

"Mhandisi, mtu asipokuelewa akakwambia hajakuelewa, amekuheshimu. Akikwambia 'sawa' huku hajaelewa, huyo amekudanganya."

"Maneno mazuri. Yaandike kwenye kanga, utauza." Akanipigapiga begani, akaenda zake.

Kumbukumbu ya ndani ilionekana kwenye kioo cha karani peke yake. Tulikuwa tumeapa, mkono juu, kwamba mchezaji hataambiwa kilichomo. Saa nne haijafika, Mkisiaji alikuwa amewashwa katika vyumba vyote.

*

Bibi Nietiwe Mshana aliingia chumba changu akiwa na mjukuu wake Eliwaza. Binti yake, mama wa mtoto, alikuwa amefariki mwaka uliopita. Baba hakujulikana alipo. Kama Bibi angeshindwa siku hiyo, Eliwaza angechukuliwa na gari la alasiri kwenda Makazi ya Watoto, huko tambarare, ambako ndugu walionana na watoto mara moja kwa mwaka na kwa kibali. Gari lenyewe lilikuwa limeshaegeshwa uani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hii ndiyo hiyo nyumba yenyewe?" Akakitazama kioo. "Mbona haina hata kiti cha mgeni?"

"Imo ndani ya maneno, Bibi. Utasoma, halafu utaandika unachofanya. Unaweza kuandika?"

"Mimi ni katibu wa kikundi cha kina mama. Nawaandikia wote, hata mwenyekiti."

Nikamchukua Eliwaza, nikampeleka kwenye benchi la ukumbini. Pale alikaa mtoto mwingine wa rika lake, wa kijana mmoja aliyeitwa Kajiru, anayemlea mtoto wa marehemu kaka yake. Kajiru mwenyewe alikuwa anasubiri zamu yake ya chumba cha pili. Alivunja pera moja katikati, akawapa watoto nusu nusu, halafu akajifuta mikono kwenye suruali mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Nikarudi mezani kwangu, nyuma ya ukuta wa kioo cheusi. Nilimwona Bibi. Yeye hakuniona.

Nyumba ikaandika: *Ni jioni. Mtoto wa miaka sita amelala chumbani. Anatetemeka.*

Bibi akaandika kwa kidole kimoja, bila haraka: *Namgusa paji la uso.*

*Ana homa kali. Anaanza kushikwa na degedege.*

*Namlaza ubavu. Namvua nguo nzito. Simtii kitu mdomoni.*

Nikatabasamu peke yangu. Akina mama vijana wengi walikosea hapo kwa kumtia mtoto kijiko.

*Degedege imetulia, homa haijashuka. Simu yako haina chaji. Hospitali iko chini ya mlima. Nje kuna giza.*

Bibi hakufikiri hata kidogo. Akaandika: *Nasimama mlangoni napiga yowe.*

Kwenye kioo chake: *Sawa. Mtoto bado ana homa.*

Kwenye kioo changu, chini ya kichwa kilichosema TENDO: *Kumfokea mtoto.*

Nilisogeza uso karibu. Nikasoma tena. Kamusi haikuwa na yowe. Tendo la karibu lililotoka mdomoni kwa sauti kubwa lilikuwa kufoka, na ndani ya nyumba hiyo mtu wa kufokewa alikuwa mmoja tu.

*Majirani wanakuja,* Bibi akaandika, amenyooka sasa kwenye kiti. *Nawapokea nje.*

*Sawa.*

Kwangu: *Kutoka nje. Mtoto ameachwa peke yake.*

*Mama Mcharo anakaa na mtoto, mimi natafuta blanketi. Vijana wanaleta machela.*

*Sawa.*

Kwangu: *Kumkabidhi mtoto kwa mtu asiyesajiliwa.*

*Tunateremka. Wanabeba kwa zamu. Mimi nasali.*

*Sawa. Hali ya mtoto inabadilika.*

Kwangu: *Kusubiri bila kufanya lolote.*

Waliojenga Nyumba walikuwa wameweka jiko, kitanda, ndoo, dawa za aina nyingi na hata paka. Hawakuwa wameweka jirani. Hawakufanya hivyo kwa ubaya. Walitaka kumpima mtu mmoja, wakamjengea nyumba ya mtu mmoja. Lakini huku milimani hakuna mtoto aliyewahi kufikishwa hospitali usiku na mtu mmoja. Kwa jibu la zamani, saa ingesimama kwenye lile neno la kwanza, ningeingia chumbani, Bibi angenieleza, na yote yangeisha kwa kicheko.

Kikao kikafungwa. Kioo changu kikaandika: *Mlezi amemfokea mtoto mgonjwa na kumtelekeza. Pendekezo: mtoto ahamishwe leo.* Chini yake palikuwa na mahali pa mimi kutia sahihi, karani, kuthibitisha kwamba kila alichoandika mchezaji kimeeleweka. Bila sahihi hiyo hakuna matokeo, na bila matokeo mtoto hahamishwi wala mlezi hapewi cheti.

Bibi Nietiwe alitoka akiwa amejaa furaha.

"Nyumba yenu ina adabu!" akaniambia. "Kila nilichosema ilikubali. Watu wangu wote wamekuja, hata Mama Mcharo na mguu wake ule. Sasa cheti nakichukulia wapi?"

Nikamwambia akae kidogo benchini.

*

Nikamwita Mndeme. Aliisoma kumbukumbu kwenye kioo changu akiwa amesimama, miguu mitupu. Alisoma mpaka mwisho, akarudi juu, akasoma tena. Halafu akakaa.

"Hii ni mbaya," akasema.

"Ni mbaya sana."

"Lakini inarekebishika. Sikiliza. Naongeza 'yowe', naongeza 'jirani', naongeza 'machela'. Ni kazi ya muda mfupi tu. Wewe andika kwamba umeme ulikatika, kikao hakikukamilika. Bibi anarudia saa nane. Anashinda, anapata cheti, anaondoka na mjukuu wake. Umeridhika?"

"Na yule wa chumba cha pili?"

"Nani?"

"Kajiru. Ameingia sasa hivi. Na yule wa cha tatu, na wa cha nne. Wote wanaambiwa 'sawa'."

"Wakikosewa, tutaongeza maneno yao pia."

"Kabla ya gari kuondoka, au baada?"

Akachungulia dirishani, kule uani kwenye gari.

"Mhandisi, maneno ya watu hayaishi. Leo ni yowe. Kesho atakuja mtu wa pwani, keshokutwa mfugaji, kila mmoja na namna yake ya kumwokoa mtoto. Huwezi kuwa na maneno yao yote. Unachoweza ni kurudisha lile jibu. Lirudishe. Mashine iseme haijui."

"Nikizima Mkisiaji mchana huu lazima niseme kwa nini. Nikisema kwa nini, Baraza linafungwa, na ile foleni ya getini inakaa mwaka mzima. Unataka hivyo? Wale watoto walale nje mwaka mzima?" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka, si ya mtu mkali. "Nakupa ushindi, Dada. Bibi wako anapona. Sharti ni moja tu, asiambiwe. Umeapa."

Nilikwenda stoo, mahali tunapoweka mifagio, nikafunga mlango. Nilipiga magoti kwenye saruji. Nilimwambia Mungu mambo yalivyo, kama anavyoambiwa mtu mzima mwenzio, bila mapambo. Nikasema: Bwana, njia ya kwanza inampa bibi huyu mtoto wake leo hii, kwa uongo mdogo. Njia ya pili, ya kumwambia ukweli, inaweza kumnyang'anya, na si mimi nitakayelia usiku. Nani kanipa haki ya kuwa mwadilifu kwa machozi ya mtu mwingine?

Nilikaa hapo nikingoja. Sikusikia sauti. Lakini nilipokuwa nainuka jambo moja lilikuwa limenyooka ndani yangu: machozi yakiwa ya Bibi, basi uamuzi nao ni wa Bibi. Nikificha, nitakuwa nimemkisia. Nitakuwa Mkisiaji wa pili.

Nikafungua mlango.

*

Nilimwambia yote pale benchini, kwa sauti ya kawaida. Nilimwambia Nyumba iliandika nini nyuma ya kila "sawa". Nilimwambia na ahadi ya Mndeme, kwamba akirudia saa nane atashinda, mradi mimi niandike uongo na yeye asijue. Nikamuuliza yeye anataka nini.

Kwanza alicheka, akidhani namtania. Kisha uso wake ukabadilika.

"Mimi? Nimfokee mtoto mwenye degedege?"

"Ndivyo ilivyoandika, Bibi."

"Na mbona ilisema sawa?"

"Inasema sawa kwa kila mtu."

Akamtazama Eliwaza, aliyekuwa anamfundisha mtoto wa Kajiru kupiga mluzi kwa ganda la kokwa.

"Umeniletea habari mbaya, mwanangu, halafu unaniuliza kama naitaka."

"Ningekunyima ningekuwa mwizi, Bibi."

"Ungekuwa mwizi, na mimi ningekuwa na cheti." Akavuta pumzi. "Usidhani mimi ni shujaa. Namtaka mjukuu wangu. Sina mwingine. Ungeniambia niseme umeme umekatika, hata jua ningelisema limekatika."

"Unaweza bado. Sijatia sahihi popote. Ukitaka saa nane, nitanyamaza. Nitaandika huo uongo na dhambi itakuwa yangu."

"Na huyu?" Akaelekeza kidevu kwa mtoto wa Kajiru. "Mjomba wake yuko humo?"

"Ni baba yake mdogo. Yuko chumba cha pili."

"Ameandika nini?"

"Sijui, Bibi. Si chumba changu."

"Lakini inamwambia sawa."

"Inamwambia sawa."

Mlango wa chumba cha pili ulikuwa mweupe, umefungwa, na taa nyekundu juu yake. Huko uani dereva alikuwa anafuta vumbi kwenye viti vya nyuma vya gari, kiti kimoja kimoja, akihesabu nafasi.

"Huyo kijana amempa mjukuu wangu nusu ya pera," Bibi akasema. "Alikuwa nalo moja."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Kule kwetu yowe likipigwa, hata uliyegombana naye unatoka. Ukishampeleka mgonjwa unaweza kurudi kwenye ugomvi wako." Akacheka kidogo, bila furaha. "Mume wangu alitoka na povu la kunyolea shavuni. Sasa mimi nikae hapa mpaka saa nane nipewe wangu, nimpite huyu mtoto nikitazama pembeni? Nitampikia Eliwaza chakula gani kikashuka?"

"Bibi, ukikataa, sijui itakuwaje. Nitakataa kutia sahihi, kwa hiyo hawawezi kumchukua leo. Lakini na cheti hutakuwa nacho. Shule watakusumbua kila siku, na zahanati."

"Nitasumbuana nao. Nina miguu." Akasimama. Alikuwa mfupi kuliko nilivyodhani. "Ukiingia kule na kumtoa yule kijana, wataruhusu?"

"Karani haruhusiwi kufungua mlango wa chumba kingine. Ni mchezaji mwenyewe tu anayeweza kutoka. Akitoka kabla ya kikao kufungwa, kikao kinafutika, inakuwa kana kwamba hakuja."

"Akitoka mwenyewe."

"Ndiyo."

"Eliwaza," Bibi akasema, "ziba masikio."

Akaenda katikati ya ukumbi. Akapanua miguu, akaweka kiganja karibu na mdomo, akapiga yowe.

Sijui namna ya kuliandika. Lilianzia juu na likakaa juu, likivunjikavunjika chini ya kile kiganja, kama kitu kinachotupwa kutoka kilele kimoja kikadakwe kilele cha pili. Vioo vya madirisha vilitetemeka. Mlinzi wa mlangoni aliangusha redio yake. Bibi akavuta hewa, akapiga tena.

Mlango wa chumba cha pili ukafunguka kwa nguvu. Kajiru akatoka mbio, macho yakimtafuta mtoto. "Nani? Kuna nini? Wapi?" Chumba cha tatu akatoka mama mmoja akifunga kanga kiunoni kabisa, tayari kwa kazi. Cha nne wakatoka mzee na mkewe wameshikana mikono. Juu ya milango, taa nyekundu zikazimika moja baada ya nyingine. Nje ya geti foleni nzima ilivunjika ikaingia uani, wanaume mbele, mmoja wao ameokota jiwe. Dereva wa gari alikuwa amefika kabla yao, kitambaa cha vumbi kikiwa bado mkononi.

"Nani amepatwa?" wakauliza. "Bibi, ni nani?"

"Sisi," Bibi akasema, akitweta. "Ni sisi wote. Njooni mkae, huyu binti awaeleze."

Nikasogea mbele. Nilivua kitambulisho cha Baraza shingoni, nikakiweka juu ya benchi, maana nilichotaka kusema hakikuruhusiwa kusemwa na aliyekivaa. Nikawaambia kuhusu Mkisiaji. Nilisema kwa maneno mepesi, na waliponiuliza nilirudia. Yule mama wa chumba cha tatu alishika kichwa. "Niliandika nampa dada yangu amnyonyeshe mtoto mchanga," akasema. "Ikaniambia sawa. Mungu wangu, imeandika nini?"

Ndipo nilipomwona Mndeme.

Alikuwa amesimama nyuma ya watu, karibu na ngazi. Kutoka ofisini kwake hadi pale ni ghorofa mbili, naye alikuwa anahema kama mtu aliyeziruka. Hakuwa na viatu. Mkononi alishika mtungi mwekundu wa kuzimia moto, pini imeshachomolewa.

Bibi Nietiwe naye alimwona. Watu wakapisha.

"Wewe ni wa nani?" akamuuliza.

"Wa Mndeme, Bibi. Wa Gonja, huku huku milimani."

"Umetoka kufanya nini?"

Mndeme aliutazama ule mtungi kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyempa.

"Nilisikia yowe," akasema hatimaye.

"Basi umefika," Bibi akamwambia, akimwonyesha sakafu mbele ya watoto. "Weka hicho kitu chini. Kaa. Tuanze na huyu mama, atakwambia alimaanisha nini, na usipoelewa, uliza."